Tuliingia Maskati Tumelala

Mama yangu alitaka kitu kimoja tu katika safari ile: aingie Maskati kwa bahari, akiwa macho, asimame upande wa omo, mbele ya meli, aone milima inavyotokea. Mimi nikamnunulia bandari tano.

Ilikuwa Februari 2018. Nilikuwa mhasibu katika hoteli moja Dubai, na mama alikuwa amekuja kutoka Pemba kunitembelea. Dada yake, mama yangu mkubwa, yuko Maskati tangu 1974. Ni katika wale waliorudi, au niseme waliokwenda, maana yeye alizaliwa Wete, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa ng'ambo. Mara ya mwisho wao wawili kuonana uso kwa uso ilikuwa 1997, msibani. Kutoka Dubai hadi Maskati kwa gari ni kama kilomita 450; ukiondoka asubuhi, chakula cha mchana unakula kule. Nikamwambia mama tukodi gari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yangu hakuingia Maskati kwa gari."

Babu alikuwa baharia wa jahazi. Walipakia boriti na karafuu, wakaondoka na kusi, wiki tatu nne majini, kisha wakarudi na kaskazi wamebeba tende na papa mkavu. Mama hakuwahi kupanda jahazi lile hata mara moja. Alichobaki nacho ni maneno ya babu: kwamba baada ya siku nyingi za maji matupu unatokea mlima, mweusi, mkavu, hauna hata mti mmoja, ukikaribia unaona ngome juu ya mwamba, na ndani ya bandari majabali yameandikwa kwa rangi majina ya meli, makubwa, kila meli iliyopita imeacha lake. Babu hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini alikuwa akiyahesabu. Mama amekua na milima hiyo kichwani kwa zaidi ya miaka sitini.

Wakala wa safari aliniwekea ratiba mbili za meli za watalii mezani, zote za usiku saba, zote zinaanzia na kuishia Dubai, bei karibu sawa. Ya kwanza ilianza na siku nzima ya bahari, kisha Maskati siku mbili, meli ikilala bandarini, kisha Khasab, kisha bahari tena, kisha Abu Dhabi. Ya pili ilikwenda Abu Dhabi, Sir Bani Yas, Khasab, Khor Fakkan, Maskati, zote mfululizo, na siku moja tu ya bahari mwishoni wakati wa kurudi. Nikafanya kile ninachokifanya kazini kila siku: nikachukua bei nikaigawa kwa idadi ya bandari. Ya pili ikashinda. Siku ya bahari niliiona kama siku uliyoilipia halafu hupewi kitu.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. "Hii Maskati iko chini kabisa," akasema. "Tukifika huko si tutakuwa tumeshachoka?"

Nikamwambia melini hakuna kuchoka. Hoteli inatembea yenyewe, wewe umekaa tu.

Sasa najua siku ya bandari inavyokwenda. Kwenye karatasi imeandikwa muda wa saa nane au tisa. Toa muda wa kupanga foleni ngazini kila mtu na kadi yake mkononi, toa basi la kwenda na la kurudi, toa ile nusu saa ya mwisho ambayo lazima wote muwe mmeshapanda kabla meli haijang'oa nanga, unabakiwa na saa tano. Na ili uzipate hizo saa tano unaamka saa kumi na moja na nusu, unakunywa chai umesimama, unarudi jua limekuchoma, unakula, unalala, na kesho yake ni vile vile mahali pengine. Siku moja inapendeza. Mbili unavumilia. Nne mfululizo, kwa mtu wa miaka sabini, ni kazi ya shamba.

Abu Dhabi tulitembea msikiti wa Sheikh Zayed wote, marumaru juu ya marumaru, mama akigusa maua yaliyochongwa ukutani kwa ncha ya kidole. Sir Bani Yas ni kisiwa kilichofanywa hifadhi ya wanyama, na hapo mama, mzaliwa wa Tanzania, akamwona twiga kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Pemba hakuna twiga. Akamtazama mpaka gari likaondoka, na shingo yake ikageuka pamoja na gari. Khasab tulipanda jahazi la watalii tukaingia katikati ya milima iliyosimama ndani ya maji, pomboo wakitufuata ubavuni, tukapita kijisiwa ambacho Waingereza walijenga kituo cha simu za maandishi mwaka 1864. Sina ubaya wowote na mahali hapo. Ni pazuri sana, na mtu akiniuliza leo nitamwambia aende. Khor Fakkan siikumbuki. Nakumbuka basi likipanda milima na mama amefumba macho.

Usiku ule alivua viatu akakaa kitandani. Miguu ilikuwa imevimba mpaka mkanda wa kandambili ulikuwa umeacha alama kama ya kamba. Akabonyeza kifundo kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na kishimo kikabaki pale pale, hakikujaa. Tukakitazama wote wawili. Nikachovya taulo katika maji ya moto nikamkanda mpaka akasinzia.

Alfajiri tuliamka tukasali. Nje bado giza. Mama akauliza bado muda gani, nikamwambia kama saa moja na nusu, jinyooshe, nitakuamsha. Nikajilaza na mimi, kidogo tu.

Kilichoniamsha ni sauti ya kipaza sauti ukumbini ikitangaza kwamba abiria wanaweza kushuka. Nikavuta pazia. Dirishani palikuwa na ukuta wa gati, mabasi meupe yamejipanga, na mtu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa ameinama juu ya kamba iliyokwisha kufungwa. Nikageuka. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na buibui lake mwilini, mtandio umefungwa vizuri, mkoba mapajani. Alikuwa amejitayarisha tangu Alfajiri akalala nalo hivyo hivyo ili nikimwita asinicheleweshe.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Tumeshafika."

Binamu yangu alikuja kutuchukua pale bandarini Mutrah. Bandari ile siku hizi ni ya meli za watalii. Mizigo ilihamishiwa Sohar mwaka 2014. Nyumba ya mama mkubwa iko Seeb, upande wa pili wa mji, na njia nzima niliiangalia saa. Tuliupita Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Binamu akapunguza mwendo, akauliza tusimame? Nikasema tutachelewa. Mama akauona kuba lake kupitia kioo cha gari.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni amesimama na fimbo. Mama akainama, "Shikamoo dada," akaubusu mkono, "Marahaba mdogo wangu," kisha hapakuwa na maneno, wakashikana tu hapo kizingitini na sisi nyuma yao na viatu vyetu mkononi. Ndani palikuwa pameshatandikwa: wali wa nazi, nguru wa kupaka, mchicha, kahawa chungu, halua. Nyumba ile iko Uarabuni lakini ukifumba macho uko Wete, mpaka harufu ya mkaa.

Saa za mwanzo walipeana majina ya waliokufa. Mmoja anataja, mwengine anasema inna lillahi, kimya kidogo, jina jengine. Miaka ishirini na moja ina majina mengi. Haikuwezekana kuyaruka, na nadhani ni lazima yatangulie. Halafu, kama saa nane na nusu mchana, mama mkubwa akacheka. Sijui kilichosemwa. Alicheka akampiga mama begani kwa kiganja, na mama akaficha uso kwa mtandio kama msichana, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza, ya nyumbani kwao, ya baba yao, ya ule mwembe wa nyuma ya jiko.

Saa tisa nikasema tuondoke.

Nimeshawahi kufanya makosa makubwa zaidi ya hilo maishani, lakini hakuna ninalolisikia mwilini kama hilo la kusimama katikati ya chumba kile na kusema, samahani mama mkubwa, meli. Ile ratiba nyengine, niliyoikataa kwa hesabu ya kugawa, ingewalaza chini ya paa moja usiku mzima. Mama mkubwa hakubisha. Akatufungia halua katika kopo, akamvalisha mama bangili yake moja, akabaki mlangoni na fimbo.

Meli iliondoka magharibi. Mama akataka twende tezi. Tukasimama pale nyuma kabisa, miguu yake ndani ya soksi zangu maana viatu havikuingia, na Mutrah ikaanza kutuacha: taa za ufukweni zikiwaka moja moja, ngome juu ya mwamba, na lile chetezo jeupe la kule Riyam, kubwa kuliko nyumba, limekaa kilimani kama limesahauliwa baada ya harusi ya majitu. Mama akalitazama. "Hili baba hakulisema," akasema. "Halikuwapo." Kisha ikabaki milima peke yake, myeusi, mikavu. Majina ya meli hatukuyaona. Yako ghuba ya pili, Maskati yenyewe, na giza lilikuwa limeshaingia. Aliiona milima yake, lakini kinyumenyume, ikipungua.

Siku ya saba ndiyo ile ya bahari, ile niliyodhani haina kitu.

Hatukuamshwa. Mama alisali Adhuhuri kwa wakati wake, Alasiri kwa wakati wake, badala ya kupunguza na kujumuisha mbio mbio kama siku zote zile. Nilikuwa namtafutia kibla kwa simu, na kila meli ilipopinda kibla nacho kilihama, akawa anaugeuza mkeka wake taratibu huku anauliza, "Na sasa?" Tukakaa sitahani kivulini na kopo la halua katikati yetu. Tulipita Mlango-bahari wa Hormuz mchana, meli za mafuta zikienda moja nyuma ya nyingine upande ule, maboti madogo ya kasi yakikata upande huu, na kusini milima ya Khasab ile ile tuliyoipanga foleni kuiona. Chumbani kulikuwa na ramani kwenye televisheni inayoonyesha mwendo wa meli. Usiku wa kwenda bandari nyengine nilikuwa naona inakimbia. Siku ile ilikuwa inajikokota. Ilikuwa na mchana mzima na usiku mzima, na haikuwa na pa kuwahi.

Kijana aliyekuwa akituletea chai alikuwa mtu wa Kisauni, Mombasa. Alimwamkia mama kila anapopita. Mama akamwambia leo angalau upumzike, watu wametulia. Akacheka. "La, mama, leo ndiyo kazi. Watu wote wako ndani. Mkishuka bandarini ndipo sisi tunapumua, hata maduka ya melini hufungwa." Akainama kukusanya vikombe, akasema abiria waliozoea, wale wanaorudi kila mwaka, huwa hawaulizi meli inasimama bandari ngapi. Huuliza inasimama muda gani, na jana yake ilikuwa wapi.

Nikaliweka neno hilo. Jana yake ilikuwa wapi. Kama jana ya Maskati ingekuwa bahari tupu, mama angesimama omo tangu Alfajiri, miguu mizima.

Alizungumza siku nzima. Babu nilimfahamu siku ile, si kabla: kwamba alikuwa akiogopa radi na si mawimbi, kwamba akirudi safari alikuwa hawezi kulala chumbani usiku wa kwanza, anatandika mkeka uani, kwamba kila mtoto alimletea tende zake mbali katika kikapu chake ili wasigombane. Nikamuuliza mbona hukuniambia haya miaka yote. Akafikiri. "Tulikuwa wapi pa kukaa?"

Jioni akamwomba kijana wa Kisauni kalamu. Akageuza karatasi ya ratiba ya siku, ile wanayoiacha mlangoni kila usiku, akaandika nyuma yake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, polepole, mstari kwa mstari. Akanipa nisome. Nilisoma kwa kuungaunga. Bahari. Bahari. Maskati. Maskati. Maskati. Bahari.

"Na Khasab?" nikauliza.

"Khasab tutaiona tukipita. Si tumeiona leo?"

Nikamwambia meli haihitaji siku mbili kutoka Dubai mpaka Maskati, si mbali hivyo.

Akachukua karatasi yake akaikunja mara mbili, akaitia mkobani.

"Basi iende polepole," akasema.