Kitabu cha mila za familia, kazi ya kijana anayemaliza sekondari

Kijana anayependa kuchora, kupiga picha au kuandika akikaribia kumaliza sekondari, nyumbani huanza mazungumzo ya zawadi. Sisi tunashauri apewe kazi: atengeneze kitabu kimoja cha mila za familia yake, kuanzia kuwahoji wazee hadi kushona kurasa kwa mkono. Bado anaishi karibu na wanaoyajua mambo hayo, na mikono yake imeshakomaa vya kutosha. Akishahama kwenda chuo au kazini, kila swali litasubiri likizo.

Mahojiano yaanze miezi mitano au sita kabla ya mtihani, kipindi cha mtihani kazi ilale kabisa, na kuchapa na kushona kuje baadaye. Kinachokula muda ni kunukuu. Saa moja ya sauti humchukua asiyezoea saa 4 hadi 6 kuiandika, kwa hiyo mahojiano matatu ya dakika 40 yanadai saa 8 hadi 12 mezani. Asiyepigia hesabu hiyo mapema hubaki na rekodi nzuri ambazo hakuna atakayezisikiliza.

Simu inatosha kurekodia. Iwekwe kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya maneno, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Feni izimwe: sikio hulizoea vuma lake, simu hailizoei. Chumba chenye mapazia na godoro hupunguza mwangwi. Rekodi nusu dakika ya majaribio, isikilize kwa hedifoni, ndipo uanze. Ukihifadhi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya kilohezi 48, biti 16, mkondo mmoja (mono), kila dakika hula takriban megabaiti 6, kwa hiyo angalia nafasi kwanza.

Ukimwambia mzee "tueleze mila zetu," atakupa hotuba. Muulize nani alikuwa anaamka wa kwanza siku hiyo, nguo ile ilikuwa inatunzwa wapi, watoto walikuwa wanafukuzwa saa ngapi. Vizuri zaidi, afanye huku anaeleza. Bibi anayesuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, hawezi kutaja kila hatua akiwa ameketi tu, lakini ukimpa miyaa vidole vyake vitamkumbusha, na hapo kijana apige picha za mikono kwa karibu, hatua moja picha moja. Shangazi na babu wakitofautiana, yaandikwe yote mawili, kila moja chini ya jina la mwenyewe. Kuyapatanisha ni kuharibu. Na kabla ya kuchapa, kila aliyehojiwa asomewe sehemu yake na awe na haki ya kufuta asichotaka kibaki.

Picha za zamani zisibandikwe kitabuni. Zinakiliwe kwa skana, nukta 300 kwa inchi kama zitachapwa kwa ukubwa uleule, 600 kama zitakuzwa mara mbili. Kama hakuna skana, weka picha karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, zima flashi, na simu iwe sambamba kabisa na picha. Majina yaandikwe nyuma ya picha halisi kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na ncha ngumu huacha alama mbele.

Sasa karatasi. Hapa ndipo vitabu vingi vya mkono huharibikia, na wengi hawajui kwa nini. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, nazo lazima ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, na ukizikunja kupata A5, nyuzi hukatisha mgongo. Matokeo yake kurasa hukataa kulala, mkunjo unakuwa na kingo za kukwaruza, na gundi ikigusa mgongo karatasi hufanya mawimbi, maana nyuzi zikilowa hutanuka kwa unene kuliko kwa urefu. Kupima ni rahisi: pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza upande huu kisha ule. Mpindo wenye ukinzani mdogo ndio unaofuata nyuzi. Dawa yake ni kununua A3 ambayo nyuzi zake zinafuata upande mrefu, kisha kuikata katikati upate A4 mbili zilizokaa sawa.

Kila kikunjo, yaani fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja katikati, kiwe na karatasi 4, ambazo ni kurasa 16. Vikunjo 6 vinatoa kurasa 96. Kwenye programu chagua uchapaji wa kijitabu, lakini uchape kurasa 1–16, kisha 17–32, na kuendelea. Ukiagiza zote kwa mkupuo utapata kikunjo kimoja kinene kisichofungika. Karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini.

Kushona, kata kipande cha kadi chenye urefu wa milimita 210 na utie alama kwenye 15, 51, 87, 123, 159 na 195. Toboa vikunjo vyote kwa kipimo hicho, ukipitisha sindano kutoka ndani ya mkunjo. Uzi wa kitani uliopakwa nta, kama sentimita 170, unatosha. Ingia tundu la kwanza kutoka nje ukiacha mkia wa sentimita 10, toka la pili, ingia la tatu, hadi utoke la sita. Weka kikunjo cha pili juu, urudi, na kila utokapo pitisha sindano chini ya mshono wa kikunjo cha chini kabla ya kuingia tundu linalofuata. Mwisho funga uzi pamoja na ule mkia. Kuanzia kikunjo cha tatu, kila ufikapo mwisho zungusha sindano kati ya vikunjo viwili vya chini na ukaze fundo. Uzi uvutwe kufuata urefu wa mgongo. Ukiuvuta kukuelekea, karatasi inachanika palepale kwenye tundu.

Mzazi asishike sindano hata mishono ikipinda. Mpangilio wa kurasa, rangi ya jalada, picha ipi iachwe, yote ni ya kijana.

Paka mgongo gundi nyeupe kidogo, bandika kitambaa chepesi cha pamba kinachozidi sentimita 2.5 kila upande. Jalada ni kadibodi ngumu ya milimita 2, urefu milimita 216 ili izidi kurasa kwa 3 juu na chini. Likivikwa kitambaa nje tu, hupinda kuelekea nje, kwa sababu kitambaa kikikauka husinyaa na kulivuta. Karatasi inayobandikwa ndani ndiyo hulirudisha. Tia plastiki kati ya jalada na kurasa unyevu usipite, weka ubao na uzito juu, na usikifungue kabla ya saa 24.