Jihadhari na Chui

Shangazi aliamka asubuhi moja akakuta X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa, chini kidogo ya dirisha la jikoni. Rangi ilikuwa mbichi bado, imechuruzika mpaka kwenye ndoo ya maji. Alipokwenda kuuliza akaambiwa tangazo lilibandikwa siku nyingi. Wapi? Ubaoni. Ubao uko wapi? Koridoni. Na korido imefungwa, mwenye ufunguo katoka kidogo.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma ndani ya daladala kitabu nilichonunua kwa shilingi 3,000 kwa wauza vitabu vya mitumba, Mtaa wa Samora: The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, cha Mwingereza Douglas Adams. Kilianza kama mchezo wa redio BBC mwaka 1978, kikawa riwaya 1979. Nilitegemea roketi. Nikamkuta bwana mmoja, Arthur Dent, kalala kwenye tope mbele ya tingatinga, kavaa nguo za kulalia. Nyumba yake inavunjwa ipite barabara ya mchepuo. Anaambiwa ramani zilikuwa wazi kwa umma miezi tisa. Kweli zilikuwepo: chini kabisa ya jengo, kusiko na taa wala ngazi, ndani ya kabati la mafaili lililofungwa, kabati limetiwa kwenye choo kisichotumika, na mlangoni kibao: Jihadhari na Chui.

Nilicheka mpaka konda akanigeukia.

Kurasa chache mbele, Dunia nzima inakuja kubomolewa na viumbe waitwao Vogon, kisa ni kilekile: inapitishwa njia ya mchepuo ya angani. Watu wanapopiga kelele wanajibiwa kwamba ramani zimekaa kwenye nyota za Alpha Centauri miaka 50, mbona hamkwenda kuziangalia? Huko mwanga wenyewe unasafiri zaidi ya miaka minne kufika. Na mwandishi hakonyezi jicho hata mara moja. Anaandika kikavu, kwa sauti ileile ya karani. Riwaya nyingine za anga zina viumbe wanaokuja kututawala au kututafuna. Hawa wamekuja na makaratasi, na ndio ninaowaogopa, maana nimeshapanga foleni kwenye dirisha lao.

Wapenzi wa kitabu hiki hukimbilia 42, lile jibu la swali kuu la maisha, lililotolewa na kompyuta iliyowaza miaka milioni saba na nusu. Sawa, lakini limechoka kwa kurudiwa. Mimi napenda vitu vidogo. Yupo mgeni kutoka sayari nyingine aliyechagua jina la Ford Prefect ili asishtukiwe na mtu, kumbe ni jina la gari. Ni kama ashuke Mbagala ajitambulishe, "Naitwa Toyota Noah." Halafu kuna hoja nzito kwamba msafiri wa angani hahitaji kitu kuliko taulo: atajifunika, atalilalia, atalipunga akiomba msaada. Mama yangu angeuliza kwani huko khanga hawana.

Adams mwenyewe alifika kwetu. Mwaka 1994 alishiriki safari ya kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za kuokoa vifaru, akavaa vazi la kifaru. Alifariki 2001, miaka 49 tu. Nikimwazia anahema ndani ya lile vazi huku wapagazi wanampita na mizigo kichwani, naona ukurasa wake kabisa.

Jumapili nilimsimulia shangazi hadithi yote. Alikuwa anapeta mchele. Penye chui hakucheka. Alitikisa kichwa tu, kama anayepewa habari za jirani. Nilipofika Dunia inapofutika, ungo ukasimama.

"Fidia walilipwa?"

"Hawakulipwa, shangazi. Walikufa karibu wote."

"Hata ya mazao, baba?"