Tulivyoizoea 420 kwenye maji ya Maruhubi, Unguja

Ngarawa ina ndubi mbili, zile mbao za pembeni, za kuishika. Ukichelewa kidogo kulegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, inakungoja. Boti ya 420, chombo kidogo cha matanga cha watu wawili, haingoji mtu. Urefu wake ni mita 4.20, yenyewe bila mlingoti na matanga ni kilo 80 hivi, na kinachoizuia isilale ni uzito wa watu wawili waliomo ndani, basi. Mimi na binamu yangu tumekulia kwenye ngarawa na mashua, upepo tunaujua, na bado ilitubidi tujifunze upya kukaa chomboni.

Boti tuliipata kwa mgeni aliyekuwa anahama Unguja. Ilikuwa imekaa juani muda mrefu, matanga yamo mfukoni, kamba zote zimefungwa fungu moja na hakuna wa kutwambia ipi inakwenda wapi. Ni chombo alichokichora Mfaransa Christian Maury mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo vijana wa nchi nyingi hujifunzia mashindano humo, kwa hiyo maelezo yake hayakosekani. Lakini maelezo hayo yameandikiwa watu waliokwisha kuzizoea boti za namna hiyo. Hayamwambii kitu mtu anayetoka kwenye foromali, mti unaobeba tanga, na tanga la pembe tatu.

Tulianzia nchi kavu. Mlingoti tuliulaza juu ya magogo, tukachukua kitambaa cha pamba na kukipitisha polepole juu ya kila waya, kutoka juu mpaka chini. Kitambaa kikinasa, pana uzi wa chuma uliokatika hata kama jicho halijauona. Waya moja ya pembeni ilinasa karibu na pale inapobanwa kwenye pete yake ya chini, ndipo maji ya chumvi yanapokaa. Tukaagiza mpya Dar es Salaam na hatukutia boti majini mpaka ilipofika. Kwenye ngarawa kamba ikikatika unaunga fundo na unaendelea. Hapa waya ya pembeni ikikatika mlingoti mzima unakwenda na maji.

Majini, jambo la kwanza lilikuwa kugeuza. Ngarawa tunaigeuza kwa tezi, yaani nyuma ya chombo, tunaipitisha foromali mbele ya mlingoti, kazi ya kupanga. 420 inapitisha omo, mbele yake, kwenye upepo, tanga linahama lenyewe, na nyinyi mnainama chini ya boriti yake na kuhamia upande wa pili kwa pamoja. Mmoja akitangulia, boti inayumba. Tulichagua kufanyia mazoezi haya asubuhi, kabla kusi haijapata nguvu, na mbali na njia ya boti za Dar na Pemba zinazotoka Malindi, maana wimbi lake likikukuta katikati ya kugeuza linakumaliza mwendo.

Kupinduka tulikufanyia mazoezi makusudi. Tulitafuta maji marefu, kwa kuwa mlingoti unapita mita 6 na ncha yake ikigusa chini kwenye tope unaweza kuvunjika, na tulisubiri maji yawe yanajaa ili mkondo usitupeleke nje. Mmoja anapanda juu ya ubao wa katikati, ule unaoshuka majini chini ya boti, na kuvuta kwa uzito wake. Mwengine anaelea ndani ya boti, kashika mkanda wa kuwekea miguu, ili boti ikisimama imchote ndani. Demani zote lazima ziwe zimelegezwa. Baada ya hapo hofu ilitutoka, na mtu asiyeogopa kupinduka anaiendesha 420 vizuri zaidi.

Kilichotuchukua muda ni kana, mpini wa usukani. Upepo ukizidi kidogo, kana ilikuwa inavuta mkono kwa nguvu na omo inataka kukimbilia upepo. Nikamwambia ami yangu, aliyekuwa nahodha wa mashua miaka mingi na alikuwa akitutazama kutoka pwani.

"Ami, kana inanivunja mkono."

"Chombo kinakwambia kitu, mwanangu. Usishindane nacho. Tazama tanga lako limekaa wapi, na mkuku wako umekaa wapi."

Ami hajawahi kupanda 420 na alilipata jambo lenyewe. Katika boti hii kazi ya mkuku, ule mti wa chini wa chombo, inafanywa na ubao wa katikati. Nguvu ya matanga ikikaa nyuma ya ubao, tezi inasukumwa demani, yaani upande upepo unakokwenda, na omo inapanda joshi, upande upepo unakotoka. Ukiulaza mlingoti nyuma, nguvu ya matanga inarudi nyuma na kana inakuwa nzito. Ukiusimamisha, inakuwa nyepesi. Ukiinua ubao kidogo, unarudi nyuma kwa kuwa unazunguka kwenye pini yake, na kana inapungua uzito vilevile. Na boti ikilala upande wa demani, kana inakuwa nzito hata kama mlingoti uko sawa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote tuliiweka boti wima, binamu yangu akining'inia nje kwa waya ya trapezi, miguu yake ikiwa kwenye ukingo. Uzito fulani wa kana ulitoka hapohapo. Uliobaki ulikuwa wa mlingoti.

Kuupima mlingoti kuna utaratibu wake. Utepe wa kupimia unafungwa kwenye henza, kamba ya kutwekea, ya tanga kubwa, unapandishwa mpaka juu kabisa, kisha unasoma pale unapofika kwenye ukingo wa juu wa tezi. Kipimo hicho hakina maana mpaka tanga la mbele litwekwe na kukazwa. Waya ya mbele ya 420 ni ya kuushikilia mlingoti boti ikiwa haina matanga tu. Tanga la mbele likishakazwa, waya hiyo inalegea na mkazo wote unachukuliwa na waya iliyomo ndani ya ukingo wa tanga lenyewe. Tuliusogeza mlingoti mbele kwa kubadilisha tundu kwenye vibati vya waya za pembeni, kushoto na kulia sawasawa, tukatia alama kwa kalamu ya wino mzito na kuandika daftarini: tundu, kipimo cha utepe, upepo uliotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa kilomita kwa saa, na kana ilivyokuwa mkononi. Kila tukitoka tunabadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na boti ikaenda vizuri, hujui umshukuru nani.

Tundu tulilolikubali kwa upepo wa kati, kana naishika kwa vidole viwili na boti bado inapenda kidogo kupanda joshi ikiachwa. Hivyo ndivyo ninavyoitaka. Boti isiyopenda kupanda kabisa haikwambii upepo umebadilika. Waya ya upande wa demani nayo inaanza kulegea kidogo tu, haichezi ovyo. Kusi ikikaza, mlingoti tunaurudisha nyuma makusudi kupunguza nguvu, tunavuta chini kamba ya goshi, pembe ya chini ya mbele ya tanga, ili tanga kubwa liwe bapa, na ubao tunauinua kidogo kusawazisha.

Tanga la mbele lilikuwa rahisi kwa kuwa linasema wazi. Tulibandika nyuzi za sufu pande zote mbili karibu na ukingo wake wa mbele, za juu, za kati na za chini. Ukipanda joshi polepole na uzi wa juu wa upande wa upepo ukaanza kupepea kabla ya wa chini, tanga limefunguka mno juu; sogeza mbele sehemu inapopita demani yake. Ukianza wa chini, rudisha nyuma. Tulisogeza mpaka zikapepea pamoja. Binamu yangu sasa anazitazama nyuzi hizo kuliko anavyonitazama mimi, na ananiambia "panda" au "shuka" bila kugeuza kichwa.

Spinaka, tanga jepesi la upepo wa nyuma, tumeitoa mfukoni mara chache, upepo ukiwa wa nyuma kutoka upande wa mji, na inahitaji mikono yenye mazoezi zaidi ya yetu.

Daftari lina kurasa za kusi peke yake. Kaskazi itakuja kutoka upande wa Bububu, na hata kuitia boti majini kutahitaji mpango mwengine. Tutaanza na tundu lilelile la upepo wa kati, halafu tutasogeza kutoka hapo, kitu kimoja kila tukitoka.