Jinsi nilivyofikisha waifai kwenye kompyuta ya mezani chumba cha nyuma

Kuna kitu kilinisumbua karibu wiki mbili. Nimekaa kwenye kiti, simu mkononi inashika waifai vizuri kabisa, video inacheza bila kukatika, halafu kompyuta ya mezani iko hapohapo mbele yangu, yenyewe ukurasa unafunguka nusu, inabaki inazunguka tu. Ruta ileile, pasiwedi ileile. Nilishaanza kuilaumu kampuni ya intaneti, kumbe tatizo liko chini ya meza yangu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sebuleni pembeni ya ruta, imeunganishwa kwa waya mfupi wa netiweki, na huko sikuwahi kuwaza chochote. Nilipoanza kufanyia kazi nyumbani ikabidi niihamishie chumba cha nyuma maana sebuleni kuna TV, kuna watoto, mkutano haufanyiki pale. Ndo nikagundua kwamba haina waifai kabisa, na kompyuta nyingi za mezani hasa za zamani kidogo ziko hivyo. Simu na laptopu zinakuja nayo ndani kwahiyo mtu unazoea, unasahau kwamba ni kifaa kinachotakiwa kuwekwa.

Kwanza nikajaribu waya mrefu, mita 20, nikaupitisha koridoni mpaka chumbani. Ulifanya kazi kama vile sijahama, na hata waya wa kawaida wa Cat5e unaenda mpaka mita 100. Kwahiyo kama nyumba ni yako na unaweza kutoboa ukuta au kupitisha darini, pitisha waya uachane na haya mengine yote, nasema kutoka moyoni. Mimi nimepanga, kutoboa siruhusiwi, milango miwili ikawa haifungi, na siku ya pili mama alijikwaa akaniambia "mwanangu huu waya utakuja kumwangusha mtu". Nikautoa sikuhiyohiyo. Lakini ulishanisaidia kwa jambo kubwa: nilijua sasa ruta ni nzima, kifurushi kizima, kompyuta nzima. Shida yoyote itakayokuja baada ya hapo iko kwenye waifai yenyewe.

Nikanunua adapta ya USB, kile kidude cha kuchomeka kinachoipa kompyuta waifai, zile ndogo kama kucha. Hapa wengi wanakwama na mimi nilikwama, draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia, iko kwenye CD, kompyuta haina pa kuweka CD, na ukitaka kuishusha mtandaoni unahitaji intaneti ambayo ndo unaitafuta. Kilichoniokoa ni simu. Unaunganisha simu ya Android na waifai kama kawaida, unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia (uwe ule unaopitisha data, kuna nyaya zinachaji tu), halafu kwenye setingi za simu, palepale penye hotspoti, unawasha kushea intaneti kwa USB. Kompyuta inaiona simu kama waya wa netiweki. Kwenye simu nyingi itakayotumika ni waifai sio bando lako, ila zima data kwanza uwe na uhakika. Dakika chache draiva ikawa imeshuka. Kama una kazi ya haraka unaweza hata kushinda hivyo siku nzima, ubaya wake simu inakuwa imefungwa mezani.

Sasa ndo tunarudi kwenye ile hali ya mwanzo, imekoneki lakini haifai. Badala ya kubahatisha nikaamua kupima. Windows ina lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ping 192.168.1.1 -t, hiyo namba ni ya ruta yangu, yako angalia kwenye stika chini ya ruta. Hii inaiuliza ruta kila sekunde "upo?" na kukuonyesha imejibu baada ya muda gani, na haitoki nje ya nyumba, kwahiyo majibu yakiwa mabaya kampuni ya intaneti haihusiki. Yangu yalikuwa milisekunde 4, 5, halafu 280, halafu 410, halafu kimya. Nikaandika pia netsh wlan show interfaces, inakupa nguvu ya signo kwa asilimia. Nilikuwa na 36.

Nikainama chini ya meza kuangalia adapta ilipo. Nilikuwa nimeichomeka nyuma ya lile kasha ambalo wengi tunaliita CPU, kasha lenyewe ni la chuma, limesukumwa ukutani, na mgongo wake umeangalia upande ambao ruta haipo. Yaani signo inatoka sebuleni, inapita kuta mbili, inafika chumbani imeshachoka, halafu inakutana na boksi zima la chuma. Simu yangu mkononi haina kizuizi hicho. Nikaihamishia poti ya mbele, ikapanda 52. Nikachukua waya wa kurefushia USB, mita moja na nusu, adapta nikaipandisha juu kwenye shelfu upande wa mlango, ikasoma 78. Sijagusa ruta, sijabadilisha adapta, nimeisogeza tu. Nilikaa pale naangalia zile ping zinashuka 3, 4, 3, 3, nikafurahi sana.

Ikabaki moja. Kila nikianza kunakili mafaili kwenda hadidiski ya nje, waifai inaanguka, nikichomoa diski inarudi. Nilidhani ni bahati mbaya mpaka nikarudia mara tatu. Ukweli ni kwamba vifaa vya USB 3.0, zile poti za bluu, vikifanya kazi vinatoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahetsi 2.4, ambayo ndo masafa yaleyale ya waifai ya kawaida, hata Intel walitoa andiko kuhusu hili mwaka 2012. Hadidiski nikaipeleka poti ya nyuma, mbali na adapta, ikatulia. Mtu anaweza kubadilisha ruta tatu bila kujua hili ndo maana nimeliandika kwa kirefu.

Baadaye nilitafuta adapta ya masafa mawili yenye antena, ili nitumie gigahetsi 5. Hiyo ina spidi zaidi na haina msongamano mkubwa wa majirani, ila kuta zinaimaliza haraka kuliko 2.4, na mwanzoni chumbani kwangu ilikuwa inashika kwa shida. Hapo ndo nikaenda kwenye ruta, ilikuwa sakafuni nyuma ya TV, nikaiweka juu ya kabati na antena zikasimama wima, maana antena za fimbo zinarusha signo kwa pembeni kuzunguka, sio kwa ile ncha kama wengi wanavyodhani wanapoielekezea chumbani. Ikakubali. Wenye adapta ya 2.4 peke yake waingie kwenye setingi za ruta wajaribu chaneli 1, 6 au 11, ndo ambazo haziingiliani.

Na kama yako inakata ukiiacha dakika kadhaa bila kuigusa, mara nyingi ni Windows inaizima kubana umeme. Nenda kwenye orodha ya vifaa, fungua adapta, upande wa umeme toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima.

Sasa hivi nafanya mikutano ya saa nzima haikati. Draiva nimeihifadhi kwenye flashi nikaibandika nyuma ya shelfu, siku nikipiga Windows upya nisianze tena kutafuta simu, na ule waya wa mita 20 bado ninao kabatini, apdeti zikiwa kubwa sana nautandaza usiku watu wakishalala, asubuhi naukunja kabla mama hajaamka.