Mgombea wetu wa Amu na uraia wa dunia

Tangu nirudi Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya, baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, kila barazani naulizwa maoni yangu juu ya kijana wetu anayegombea uwakilishi wa wadi, kwa kuwa yeye pia alisoma na kufanya kazi ughaibuni, na watu hudhani sisi tuliorudi twajuana siri.

Asili yake haina shaka: ni mzaliwa wa Langoni, mwana wa mvuvi, na alisomea mazingira. Pale uwanjani Mkunguni aliahidi maendeleo endelevu, akasema amekuja kutufundisha kuwa raia wa dunia. Hapo ndipo ninapohitilafiana naye, kwani uraia huo watu wa hapa wanao tayari. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na bandari mpya, iliyoanza kupokea meli mwaka 2021, ni sehemu ya mradi wa LAPSSET unaokusudia kutuunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini. Wavuvi walioharibiwa bahari yao na uchimbaji wa bandari hiyo walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2018 iliamuru walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76, na mwaka uliofuata, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangiwa Kwasasi, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliosimamia kesi hizo ni watu wa hapa hapa, na wengine wao hata pasipoti hawana.

Kuhusu pasipoti, Kifungu cha 78 cha Katiba hakimruhusu mwenye wadhifa wa dola, mwakilishi wa wadi akiwemo, kushika uraia wa nchi mbili, ila kwa nadra. Nilipomuuliza, alijibu bila kusita kuwa ameshaanza kuukana ule wa ugenini. Kwa hilo nampa heshima yake.

Nisilolisikia kabisa katika hotuba zake ni vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani, vinavyotuhifadhia maji ya visima. Mvua huzama katika mchanga ule, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Visima vikivutwa kupita kiasi, au vilima vikijengwa majumba, chumvi hupanda. Kwa shangazi yangu, Mkomani, maji ya kisima siku hizi hayatoi povu hata ukisugua sabuni mpaka iishe.

«Mwanangu,» aliniambia, «huyo raia wa dunia na aje afue kanzu yake hapa.»

Nimemwandikia ndugu yetu huyo nikimtaka atamke hadharani kama atapinga ujenzi juu ya vilima, hata pale mwenye kiwanja atakapokuwa miongoni mwa wanaogharimia kampeni yake. Amejibu kwamba atalizungumzia katika mkutano ujao, na kura yangu nimeizuia mpaka hapo.