Keki ya ghorofa tatu na gari nne ndogo

Jumamosi moja ya mwezi wa Shaabani, harusi zimebanana kama kila mwaka kabla ya Ramadhani, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya pazia la ukumbi mmoja Mbweni, naziba ufa wa keki kwa maua ya sukari. Ufa ulianzia ghorofa ya pili ukashuka mpaka kwenye sinia. Nje, shemeji yangu ameegemea Honda Fit yake anakunywa soda. "Shemeji, si imefika lakini?" Imefika, ndiyo. Ila kufika kuna namna nyingi.

Naoka keki nyumbani Fuoni, hapa Unguja. Kila Ijumaa na Jumamosi natoka na maboksi: Mjini, Mbweni, Bububu, mara moja moja Paje au Nungwi kwa wageni wanaooana ufukweni. Gari yangu ni Toyota Vitz ya 2006, rangi ya fedha, na tokea niipate imebeba keki nyingi kuliko watu. Mwaka huu imechoka. Shokapu za nyuma nimebadilisha mara mbili, na sakafu ya upande wa abiria imeliwa na kutu, maana chumvi ya pwani haina simile na mimi nilikuwa nikitoka Nungwi siioshi chini. Baba watoto akasema basi, tafuta nyengine, ila bajeti ni ile ile ya gari ndogo ya Kijapani iliyotumika.

Kila niliyemuuliza akaniambia Toyota IST. Muuza samaki, IST. Mwalimu wa mwanangu, IST. Nikasema sinunui gari kwa kura. Kaka yangu anayo hiyo IST, shoga yangu ana Toyota Passo, shemeji ana Fit. Nikaziazima moja moja, na kila moja nikaipakia keki ya kweli ya mteja wa kweli. Mambo ya spidi na muziki nimewaachia wenyewe.

Niseme kwanza kuhusu Vitz, kwa sababu ndiyo kipimo changu. Toyota waliitoa 1999 kuchukua nafasi ya Starlet; yangu ni umbo la pili, lililoanza 2005, lile ambalo kwenye kibati chake limeandikwa KSP90. Injini ni sisi (cc) 996, silinda tatu, nguvu za farasi 71. Silinda tatu utazijua ukiwa umesimama. Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, kiyoyozi kimewashwa, usukani unatetemeka kidogo na maua ya sukari nyuma yanacheza kama yamesikia ngoma. Ukiondoka, gari inatulia. Kupanda upande wa Masingini na kiyoyozi wazi inataka subira, unaisikia inavuta pumzi. Lakini cheni yake ya taimingi sijawahi kuigusa, na mafuta inanusa tu. Saa ya mwendo iko katikati ya dashibodi, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo, maana baba watoto akikaa pembeni anasoma spidi yangu kuliko mimi.

Passo nitaipitia haraka. Injini yake ndiyo hiyo hiyo ya sisi 996, gari yenyewe imetengenezwa na Daihatsu, ambao nao waliiuza kwa jina la Boon. Kwa kuwa mwili ni mwepesi, unaona kama ina nguvu kuliko Vitz. Kuzunguka Mjini ni raha. Pale wengine wanaporudi nyuma mara tatu, Passo inageuka kama iko ndani ya sinia. Tatizo ni buti. Boksi moja la inchi 14 likikaa, limekwisha. Shoga yangu ananiambia, "Shoga, si ulaze kiti!" Nikakilaza, nikapata mahali, lakini milango ni myepesi na barabara yote unaisikia ndani. Ukiwa unakwenda kazini na kurudi, na watoto wawili wa skuli, sioni kwa nini ulipe zaidi ya hapo. Mimi nina keki.

IST nilikwenda nayo Paje. Ni ile ya mwanzo, iliyotoka 2002 mpaka 2007. Ziko za injini ya lita 1.3 na ziko za 1.5, na hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia: kwa nje zinafanana, funua boneti usome kibati. NCP60 ni ya sisi 1298, NCP61 ni ya sisi 1496. Ya kaka ni NCP61, na tofauti na Vitz yangu unaiona tangu unatoka Tunguu. Kiyoyozi kinapiga baridi na gari haijali. Imekaa juu kidogo, mawe ya njia za ndani haiyagongi. Na spea zake ziko kila duka. Fundi wa IST hata umwamshe usiku wa manane anaifungua macho yamefumba.

Sasa matuta ya Jozani, ule msitu wa njia ya Paje. Yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, na mimi nayaunga mkono kabisa, wanyama wale wanakatiza njia kama wako kwao, na kweli wako kwao. Tuta la kwanza nilipita polepole. La pili nikasikia boksi nyuma limesema "tup". Nikasimama pembeni. Keki haikuvunjika, ilikuwa imeruka na kukaa upya, krimu imejibandika kwenye kifuniko. Kosa halikuwa la IST peke yake. Kitu chochote ukikiweka nyuma ya tairi za nyuma kitarushwa, ni kama kukaa kiti cha mwisho cha daladala. Mahali palipotulia katika gari ni katikati, baina ya tairi za mbele na za nyuma, tena chini. Lakini katikati ya gari kuna viti.

Ndiyo maana nilipoona Fit nilikaa kimya.

Shemeji alifungua mlango wa nyuma akaniambia, "Usikilaze kiti, kinyanyue." Akashika makalio ya kiti akayainua juu, yakasimama kwenye mgongo kama kiti cha sinema. Nyuma ya dereva pakawa na sakafu tupu, imelala sawasawa, toka chini mpaka darini. Honda waliliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele badala ya chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo nafasi yote ile imebaki. Keki ya ghorofa tatu ikaingia imesimama, na juu kukabaki mahali pa mkono wangu. Miaka yote nilikuwa nabeba ghorofa moja moja na kuzipandisha ukumbini nikitoka jasho!

Basi furaha ikaishia pale tulipoondoka. Kila tukisimama na kuanza tena, gari inatetemeka, dugu dugu dugu, kama mbuzi anayevutwa kamba hataki kwenda. Ikishashika mwendo, laini kabisa. Kutoka Fuoni mpaka Mbweni tulisimama mara ngapi sikuhesabu, ufa ndio ulionihesabia.

Jumatatu nikamkokota shemeji mpaka kwa fundi anayezijua Honda. Fundi hakuinama hata chini. Aliuliza swali moja: "Oili ya gia boksi ulitia ipi?" Shemeji akajibu kuwa oili ni oili, katia ile nyekundu ya kawaida. Fundi akanitazama mimi, si yeye. Fit hii ya kwanza, iliyoanza 2001, gia boksi yake ni ya mkanda, haina gia moja mbili tatu, na ina klachi yake ya kuondokea ambayo inataka oili yake maalumu tu. Ukiitia nyengine, klachi inateleza na kukamata, inateleza na kukamata. Wakamwaga, wakatia inayotakiwa, na baada ya siku chache mtetemo ukapungua sana, ingawa haukwisha. Hapo hapo fundi akanionyesha plagi. Nikahesabu nane kwa silinda nne, nikadhani nimekosea. Sikukosea, ile 1.3 ya mwanzo ina plagi mbili kila silinda. Ukifika wakati wa kubadilisha, unalipia nane.

Kuhusu mafuta, kwenye daftari langu la unga na sukari kuna ukurasa wa petroli, na kila mwezi ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Zanzibar, wakitangaza bei mpya naufungua kwa uchungu. Kiyoyozi changu hakizimwi, krimu ya siagi haisamehe. Kwa mwendo wangu huo, Vitz na Passo zilinipa kilomita 14 mpaka 15 kwa lita, IST ya kaka 12 na kitu, Fit baada ya oili sahihi ikafika 15. Wauzaji watakuonyesha karatasi ya Japani imeandikwa zaidi ya 20. Siwaiti waongo. Kipimo cha zamani cha kule, kinachoitwa 10-15, gari huwekwa juu ya rola, inakwenda wastani wa kilomita 22 hivi kwa saa, kiyoyozi kimezimwa. Nani hapa anaendesha kiyoyozi kimezimwa, mwezi wa pili, saa nane mchana?

Kwa mtu mwengine ningesema chukua IST usiangalie nyuma, hasa kama huna fundi wako na siku ya kuiuza unataka iondoke wiki ile ile. Lakini mimi ile sakafu ilikuwa imeshaniingia. Fundi ndiye aliyenipa njia: tafuta Fit ya umbo la pili, la kuanzia 2007. Kiti kinanyanyuka vile vile, plagi ni nne, na ile klachi ya kuondokea wameitoa, injini na gia boksi zimeunganishwa kwa mafuta, inaondoka taratibu. Bei imesogea juu. Baba watoto alikunja uso siku mbili, siku ya tatu akauliza rangi.

Wiki iliyopita nikaenda yadi kuitazama moja. Nilichukua futi ya kushonea, sinia tupu ya inchi 16 na beseni la plastiki. Nikanyanyua kiti, nikaweka beseni sakafuni, nikaomba maji nikalijaza mpaka pomoni. Kijana wa yadi akaniuliza, "Bi, samaki watakuja humu?" Nikamwambia endesha, simama, ondoka, simama, mara kumi, mimi nitakaa nyuma natazama. Akafanya, anacheka. Tukarudi, maji yalikuwa yamemwagika kiasi cha kijiko, na mkeka wa gari umelowa kona moja tu.

Nikamwambia tuzunguke tena, safari hii tupitie kwenye tuta.