Povu Lilinidanganya: Nilivyojua Mbege Yangu Inachacha

"Angalia povu tu." Ndivyo alivyonijibu kila niliyemuuliza nitajuaje kama mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, inachacha, hasa shemeji yangu ambaye hakuna kitu asichokijua. Hilo povu ndilo lililonitia hasara.

Desemba iliyopita niliapa kupika mbege mwenyewe hapa Dar, ndugu wakija wasikute kreti za bia peke yake. Ndizi nilinunua soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Kimea cha ulezi na magome ya msesewe, mti wa kuitia uchungu, vilishuka na basi la Moshi. Ukijumlisha na mkaa, vyote labda elfu sitini, labda themanini, sikuandika.

Ndizi zilizochemshwa zikakaa siku nne kwenye pipa, nikachuja, nikapika uji wa kimea na kuumimina. Wa moto. Kulikuwa na mechi, sikuwa na muda wa kusubiri upoe. Asubuhi nafunua pipa: kimya, maji yametulia kama ya mtungini.

Shemeji akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Imekufa hii. Tia hamira ya maandazi na sukari kilo mbili." Nikatia, nikafunika, nikaweka na tofali juu ili hewa isiingie. Saa tatu usiku tukasikia kishindo stoo. Tofali liko chini, mfuniko uko mlangoni, na povu limetambaa mpaka kwenye gunia la mchele. Mke wangu alisimama akaniangalia, hakusema neno, akanipa tambara la deki. Shemeji yeye alishangilia: "Umeona? Inachemka!" Tukaonja. Tamu kama soda, inanuka unga mbichi wa maandazi. Povu lote lile, na sukari bado imejaa humo!

Nikampigia bibi, Marangu, huko Kilimanjaro.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Uji ulitia wa moto, eti?"

Hata sikuwa nimemweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia uji upoe kiasi cha kutia kidole na kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, la sivyo unakipika kile kinachochachusha. "Na povu achana nalo, mjukuu wangu. Onja."

Mara ya pili nikaonja kila baada ya saa mbili na kuandika kwa chaki ukutani: tamu sana, tamu, tamu kidogo inachoma ulimi. Utamu ukipungua kila ukionja, kazi inaendelea hata kama juu hakuna kitu. Utamu ukiganda palepale mara mbili tatu mfululizo, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Weka na sikio kwenye pipa: yangu ilikuwa inanong'ona kama manyunyu kwenye majani ya mgomba.

Ujanja wangu mwenyewe, ambao hata bibi hakuwa nao, ni kiberiti. Funua kidogo, shusha njiti inayowaka: ikizimika kabla ya kugusa mbege, ni ile gesi ya kuchacha imejaa humo. Nilitamba nao siku nzima mpaka nikagundua kwamba gesi hubaki chini ya mfuniko hata kazi ikiwa imekwisha. Sasa kwanza naipepea itoke yote, nafunika, nasubiri nusu saa, ndipo nawasha njiti nyingine. Ikizimika tena, gesi ni mpya.

Binamu yangu anayepika bia ya shayiri huko Ujerumani aliwahi kuniletea kile kipimo cha kioo kinachoelea, namba yake hushuka kadiri sukari inavyoliwa. Kwake kinaanza kwenye 1.050 hivi na kushuka karibu na 1.010, naye analala usingizi. Kwenye mbege yangu yenye ulezi kilisimama kama mti uliokwama kwenye tope. Nikakiosha, nikakirudisha kwenye boksi.

Kitu ambacho hakuna aliyenikumbusha ni joto. Bibi anasema "mpaka asubuhi", lakini huyo yuko mlimani kwenye baridi! Kwenye joto la Dar, yangu niliyoianza mchana ilikuwa imeiva saa nne usiku. Shemeji alifika, akaona juu pametulia, akatangaza imekufa. Nikamchotea kata. Akaomba ya pili, kisha ya tatu.

Kesho yake mchana nusu ndoo iliyobaki ilikuwa imezungukwa na vijinzi, inanuka siki. Mke wangu anaitilia kwenye kachumbari mpaka leo.